Saa ilisema 174, mimi bado napiga soga

Tulikuwa tunakimbia polepole, ule mwendo wa kuongea. Mwenzangu wa mbio alikuwa ananisimulia mkasa wa kazini kwake, mrefu, wenye watu wengi na lawama nyingi zaidi, nami namdakia maneno kila baada ya hatua chache. Katikati ya mkasa nikatupa jicho mkononi, kwenye saa inayonipimia mapigo ya moyo.

174.

Yeye huvaa mkanda wa kifuani, namba zake zinakwenda kwenye saa yake. Nikamuuliza anasoma ngapi.

"Mia thelathini na tisa. Kwani wewe?"

"Mia sabini na nne."

Akacheka. "Mtu wa mia sabini na nne haulizi maswali."

Tukasimama. Nikabana vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, yeye akanishikia muda. Kwa sekunde 10 nilihesabu mapigo 23. Zidisha kwa 6, unapata 138. Nilipoangalia tena saa yangu ilikuwa imeshateremka hadi 141, kimya kimya, kana kwamba haijawahi kusema kitu kingine.

Kosa lenyewe ningelisamehe. Kujiamini kule ndiko kulikonikaa rohoni kwa wiki kadhaa. Saa haikuonyesha alama ya kuuliza wala haikuacha nafasi wazi, na jioni ilinichorea grafu safi nyekundu na kunipongeza kwa "mazoezi makali sana". Nikaanza kujiuliza ni pongezi ngapi za aina hiyo nimeshazipokea.

## Moyo haushuki hivyo

Usiku ule niliwaza moyo kwanza, saa baadaye. Ukishaona 174 kwenye mwendo wa soga, huwezi kulala vizuri kwa kujiambia tu kwamba mashine imekosea. Inawezekana pia kwamba mashine imesema kweli na wewe ndiye hujijui.

Kilichonituliza kilikuwa ule mteremko.

Moyo ukiacha kazi hushuka, lakini hushuka kwa taratibu zake. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa sana: mtu ambaye mapigo yake yanapungua 12 au chini ya hapo katika dakika ya kwanza baada ya mazoezi anahesabiwa kuwa na moyo unaorudi chini kwa uvivu, na hiyo ni dalili ya kufuatiliwa. Wenye mazoezi hushuka zaidi ya hapo kwa mbali. Lakini kutoka 174 hadi 141 ndani ya sekunde chache? Hata moyo wa bingwa hauna breki za namna hiyo. Kitu kilichokuwa kinapiga mara 174 kwa dakika kilikoma pale pale niliposimama.

Miguu yangu.

Safari iliyofuata nilihesabu. Mguu wa kulia ulikanyaga mara 29 kwa sekunde 20. Mara 3 ni 87, ongeza na mguu wa kushoto, ni 174. Saa ilikuwa inanisomea hatua zangu na kuziita moyo. Wakimbiaji wengi wa kawaida hukanyaga kati ya mara 160 na 180 kwa dakika, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo safu ile ile ambayo moyo wa mtu anayekimbia kwa nguvu unaweza kufika. Kwa hiyo namba ya uongo inafanana kabisa na namba ya kweli. Ingesema 320 ningejua. Ilisema 174.

(Ukiwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo unaokwendakwenda ovyo, habari ya miguu iache. Nenda kwa daktari.)

## Mwanga wa kijani unaona nini

Geuza saa yako uangalie tumbo lake. Kuna taa ndogo za kijani zinazometameta, na katikati yao au pembeni kuna kijicho cheusi. Taa inamulika ngozi, damu inafyonza mwanga wa kijani, na kijicho kinapima kiasi kilichorudi. Moyo ukipiga, damu kidogo zaidi inaingia kwenye vimishipa vya chini ya ngozi na mwanga unaorudi unapungua. Damu ikipita, unaongezeka. Saa inahesabu huko kupanda na kushuka. Wazo lenyewe ni la zamani, watafiti walikuwa wanapima damu kwa mwanga tangu miaka ya 1930.

Umekaa kwenye kiti, kazi hiyo ni nyepesi. Ukianza kukimbia, mkono unapigapiga, saa inaruka milimita moja huku na milimita moja kule, nyama na damu vinatikisika kwa kila kishindo, na mwanga wa nje unapenya pembeni. Mabadiliko yanayotokana na mtikisiko yanaweza kuwa makubwa kuliko yale yanayotokana na moyo. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona huku mwingine anapiga ngoma ubavuni mwake kwa mdundo usiobadilika. Ukiambiwa "fuata mdundo", utafuata upi?

Watengenezaji wanalijua hili. Ndani ya saa kuna kihisi cha mwendo, na programu inajaribu kuondoa mdundo wa mkono ibaki na mdundo wa damu. Mara nyingi inaweza. Pale inaposhindwa, inashikilia hatua zako na haiziachii mpaka usimame au ubadilishe mwendo.

Kuna mambo yanayoongeza matatizo, na karibu yote nimeyaona kwenye mkono wangu mwenyewe. Saa iliyolegea. Saa iliyokaa juu kabisa ya mfupa wa kifundo badala ya kupanda upana wa kidole kimoja au viwili kuelekea kwenye kiwiko. Baridi, kwa sababu mwili ukipoa unabana mishipa ya mikononi na damu ya kupimwa inapungua. Kushika vyuma: ukikaza ngumi kubeba uzito, kano za kifundo zinasukuma saa na misuli inabana damu, ndiyo maana mtu anabeba mzigo uso umemvimba na saa yake inasema 95. Baiskeli ya njia mbovu nayo ni hivyo hivyo, usukani unatetemesha mkono mzima.

Halafu kuna kuchelewa, ambako watu wengi hawakuoni kwa sababu hakuonekani kama kosa. Saa huchukua wastani wa sekunde kadhaa ili namba isirukeruke. Ukikimbia nusu saa kwa mwendo mmoja, hilo halina madhara. Ukifanya vipande vifupi, sekunde 30 kwa kasi na 30 kupumzika, saa inaanza kupanda wakati wewe umeshamaliza, na inafika kileleni ukiwa umeshika magoti unatweta.

## Na ngozi nyeusi je?

Hili ndilo swali nililolihangaikia kuliko yote, na ndilo ambalo maboksi ya hizi saa hayalijibu.

Msingi wa wasiwasi ni wa kweli. Melanini, ile rangi ya ngozi, inafyonza mwanga wa kijani. Kwa nadharia, ngozi yenye melanini nyingi inarudisha mwanga mchache, na kihisi kinabaki na kidogo cha kusoma. Na tunajua vifaa vya mwanga vimewahi kuwaumiza watu weusi: mwaka 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo kutoka hospitali za Marekani yakionyesha kwamba kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Mtu akisoma hilo halafu akaambiwa anunue kifaa kingine cha mwanga, ana haki ya kuuliza.

Nilipotafuta, nilikuta habari si mbaya kama nilivyoogopa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, wakachapisha mwaka huo huo wa 2020. Kwenye mapigo ya moyo hawakukuta tofauti ya maana ya usahihi kati ya rangi na rangi. Walichokikuta ni mwendo: kosa wakati wa shughuli lilikuwa kubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Kibanio cha oksijeni kinalinganisha mianga miwili na kukisia kiasi cha kitu ndani ya damu. Kipima mapigo kinahitaji tu kuona mawimbi yakipita, na mawimbi hafifu bado yanahesabika.

Watu 53 ni wachache, na vifaa vile walivyopima vimeshazeeka. Sitamwambia mtu kwamba suala limefungwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kama ngozi yako ni nyeusi sana na saa yako inakusumbua, anza kumtuhumu mkanda uliolegea kabla ya kumtuhumu babu yako. Tatuu ni jambo jingine. Wino uliokolea unaweza kuzuia mwanga kabisa, na hilo hata Apple wenyewe wameandika kwenye maelezo ya saa yao.

## Kifuani wanasikiliza umeme

Mkanda wa mwenzangu hauna taa yoyote. Una vipande viwili vya mpira au kitambaa vinavyopitisha umeme, vinavyokaa chini ya matiti, na kila moyo unapojikaza vinanasa ule mshtuko mdogo wa umeme unaoanzisha pigo. Ni jamaa wa karibu wa kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo cha hospitali, ambacho Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kuking'amua.

Kuitoa ECG kitandani na kuipeleka barabarani ilikuwa kazi ya Wafini, watu wa Finland. Seppo Säynäjäkangas, profesa wa elektroniki huko Oulu, alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977 akiwa na shida ya watu wa michezo ya theluji: kocha alikuwa hawezi kujua moyo wa mtelezaji unafanya nini mpaka asimame, na akisimama moyo umeshabadilika. Mwaka 1982 wakauza kifaa kisicho na waya, mkanda kifuani na saa mkononi. Zaidi ya miaka 40 baadaye mpangilio haujabadilika sana, na watafiti wakitaka kuukagua usahihi wa saa mpya, mara nyingi huilinganisha na mkanda wa kifuani au na ECG yenyewe.

Hapo nilikuwa nimeshaamua. Mkanda, basi, mambo yaishe.

Nikauazima wa mwenzangu.

Dakika tano za kwanza ulinisomea 198, nikiwa natembea. Aliniangalia kwa huruma ya mtu mwenye uzoefu. "Umeulowesha?" Sikuwa nimeulowesha. Ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, na fulana ya nailoni ikisugua kifuani inatengeneza umeme wake ambao mkanda unauhesabu kama mapigo. Maji kidogo kwenye vile vipande kabla ya kuvaa, na kelele zinakwisha. Ukishatoka jasho, jasho lenyewe linafanya kazi hiyo.

Una mengine. Ukilegea unateleza hadi tumboni. Ukikaza mno unahisi kila unapovuta pumzi ndefu. Kwa wanawake, sidiria ya michezo inashindana nao nafasi, na kuna wanaotoka na michubuko mahali pindo mbili zinapokutana. Chumvi ya jasho inaula, kwa hiyo lazima uusuuze kila siku. Na kile kidude cha kurushia mawimbi ukikiacha kimebanwa kwenye mkanda mbichi, kinaendelea kudhani umevaa na kumaliza betri usiku kucha.

Maji ya bwawa nayo yana sheria zake. Mawimbi ya Bluetooth na ya ANT+ (njia nyingine isiyo na waya ya kutuma namba kwenda kwenye saa) yanakufa ndani ya sentimita chache za maji, hivyo mwogeleaji anahitaji mkanda wenye kumbukumbu, unaohifadhi mapigo na kuyatuma baada ya mtu kutoka. Baadhi ya mikanda haina. Soma kabla ya kulipa.

Katikati ya saa na mkanda kuna kitambaa cha mkononi, kinachofungwa juu ya kiwiko au chini yake kidogo. Ni mwanga ule ule wa kijani, ila umehamia mahali penye nyama zaidi, mifupa na kano chache, na mtikisiko mdogo. Kwa mtu asiyeweza kabisa kitu kifuani, ningemwambia aende huko moja kwa moja asihangaike na saa.

## Jumla ya 220

Hapa ndipo hadithi iliponigeukia.

Nilikuwa nimetumia wiki kadhaa kusoma kuhusu mapigo matatu huku na manne kule, saa ipi inakosea zaidi ya ipi. Jioni moja nikafungua mipangilio ya saa yangu kutafuta kitu kingine, nikaona mahali palipoandikwa mapigo ya juu kabisa. Namba ilikuwa imejazwa. Mimi sikuijaza. Ilichukua 220 ikatoa umri wangu.

Kila rangi kwenye grafu zangu, kila "eneo la 2" na "eneo la 4" (ngazi za ukali wa mazoezi, zinazohesabiwa kutoka kwenye hayo mapigo ya juu kabisa), kila pongezi, vilikuwa vimekatwa kutoka kwenye kitambaa hicho.

Kanuni hiyo kwa kawaida hupelekwa kwa Fox na wenzake, mwaka 1971, na waliokuja kuifuatilia baadaye hawakukuta utafiti wowote uliofanywa kuithibitisha. Ilikuwa mstari uliopitishwa kwa jicho katikati ya takwimu zilizokusanywa hapa na pale. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walikusanya tafiti 351 na kupata nyingine: 208 toa umri mara 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zinatoa 180. Kwa mtu wa miaka 60 ya zamani inasema 160 na mpya 166. Ukiwa na umri wa katikati, ubishi wa kanuni hauna maana kubwa.

Chenye maana ni kwamba zote mbili zinataja wastani. Watu wanatawanyika kuzunguka wastani huo kwa takriban mapigo 10 juu na chini, na hao ni theluthi mbili tu ya watu, theluthi iliyobaki iko mbali zaidi. Wawili wa miaka 40, wote wazima, mmoja kilele chake ni 168 na mwingine 194. Saa inawapa wote 180. Wa kwanza anaambiwa ajikaze wakati yuko ukingoni, wa pili anaambiwa apunguze wakati ndiyo kwanza amepasha mwili.

Subiri, kuna zaidi. Chukua mtu mwenye kilele cha 180 na mapigo ya mapumziko 60. Mwambie afanye mazoezi kwa "asilimia 60". Ukihesabu asilimia 60 ya kilele, ni 108. Ukihesabu kwa njia ya Martti Karvonen, Mfini wa mwaka 1957, unachukua tofauti ya kilele na mapumziko, ambayo ni 120, unatafuta asilimia 60 yake, 72, unarudishia 60, unapata 132. Maneno yale yale, mtu yule yule, na tofauti ni mapigo 24.

Nilikuwa nabishana kuhusu matatu.

## Kwa hiyo usahihi ni wa nini?

Kwa siku kadhaa jibu langu lilikuwa kwamba usahihi hauna faida, kwamba mtu anunue chochote. Niliwahi hata kumwambia mwenzangu hivyo. Hakukubali, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Yeye hatumii kanuni yoyote ya umri. Alifanya jaribio ambalo makocha wengi wa mbio hulitumia: dakika 30 peke yako, kwa nguvu kubwa kuliko zote unazoweza kuzihimili mpaka mwisho, halafu unachukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Hiyo ndiyo namba yake, kizingiti chake, na maeneo yake yote yanahesabiwa kutoka hapo. "Sasa niambie," akasema, "siku ya jaribio ningekuwa nimevaa ile ya kwako inayohesabu miguu, leo ningekuwa naishi na namba ya nani?"

Hapo nikaona usahihi unakaa wapi. Ukikubali namba ya umri, kifaa cha gharama kubwa kinakupimia kwa umakini umbali kutoka mahali pa kubahatisha. Ukitafuta namba yako mwenyewe, unahitaji kitu unachokiamini siku hiyo ya kuitafuta, na siku za vipande vifupi, ambako kuchelewa kunaharibu kila kitu. Siku nyingine zote, za mwendo wa soga, saa iliyobanwa vizuri inatosha, na hata pumzi yako inatosha.

Kwa anayefanya mazoezi ili atokwe jasho na alale vizuri, sioni sababu ya mkanda. Kipimo cha kuongea kitamfaa: ukiweza kuzungumza sentensi nzima ila huwezi kuimba, uko kwenye mazoezi ya wastani, ukiweza maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia kwenye makali.

Na yeyote anayenunua saa ili ajue kalori, namwombea subira. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 kilipima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo, 6 kati ya hivyo vilikosea chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho 93. Hiyo namba ya kalori mimi nimeiondoa kwenye kioo.

## Shangazi

Mambo yakasambaa kwamba nimekuwa mtaalamu, shangazi akanipigia. Ameanza kutembea asubuhi, anataka kipima moyo, nimchagulie kipi?

Nikamuuliza, "Shangazi, shikamoo, dawa zako za presha ni zipi?"

Alinisomea jina kwenye boksi. Ilikuwa katika kundi la zile zinazozuia moyo kukimbia, beta bloka. Mtu anayemeza dawa hiyo anaweza kupanda mlima akatweta na mapigo yake yasifike mahali ambapo kanuni yoyote inasema yafike, kwa sababu dawa imeweka dari. Angefukuza namba ya saa mpaka aanguke. Nikamwambia azungumze na daktari wake kuhusu kiasi cha kujitesa, na kwa sasa atumie ngazi ya Gunnar Borg, yule mwanasaikolojia wa Sweden: 6 ni kukaa tu, 20 ni mwisho wa nguvu zako zote, abaki karibu na 12 au 13, pale unapohisi kazi lakini hujachukia kazi. Ngazi inaanzia 6 kwa sababu Borg alitaka namba ukiizidisha kwa 10 ikaribie mapigo ya mtu mwenye afya. Kwa shangazi huko kuzidisha hakufanyi kazi, lakini hisia zake zinafanya.

"Kwa hiyo ninunue ama nisinunue?"

"Nunua ya kuhesabu hatua, shangazi."

"Hiyo ninayo kwenye simu."

"Basi umeshanunua."

## Nilichochukua, na jinsi nilivyokipima

Nilinunua mkanda wa kifuani. Wa kawaida, unaotuma kwa Bluetooth na ANT+ kwa pamoja, kwa sababu nilitaka uongee na saa yangu na mashine ya kukimbilia kwa wakati mmoja, na baadhi ya mikanda inaruhusu muunganisho mmoja tu wa Bluetooth. Betri yake ni ile bapa ya kubadilisha mwenyewe, si ya kuchaji. Kitambaa kinabanduka kikaoshwa. Sikulipia zaidi kwa ajili ya kupima mbinu za kukanyaga, sijui ningezifanyia nini. Saa imebaki na kazi ya usiku, mapigo ya mapumziko, ambayo inaifanya vizuri sana kwa sababu nikiwa usingizini sina hatua za kuisumbua.

Risiti niliitunza mpaka nilipomaliza kukikagua, na ndivyo ningemshauri yeyote anayenunua chochote kati ya hivi. Kaa kimya dakika tano, hesabu mapigo kwa kidole kwa sekunde 30 kamili, zidisha kwa 2, linganisha. Kisha tembea haraka. Kisha kimbia mwendo mmoja dakika kumi, ukihesabu hatua zako katikati: kama mapigo na hatua ni namba moja, badilisha urefu wa hatua makusudi, ufupishe ukanyage mara nyingi zaidi bila kuongeza kasi, uone kama "moyo" unafuata miguu papo hapo. Mwisho kimbia kwa nguvu sekunde 30 ghafla, simama, tazama. Namba inatakiwa iendelee kupanda kidogo baada ya kusimama, kisha ishuke taratibu. Ikiporomoka kwa pigo 30 kabla hujavuta pumzi ya tatu, kaza mkanda urudie. Ikirudia hivyo hivyo na kifaa kimebana vizuri, kirudishe kingali na boksi lake.